UZI: Farasi mmoja peke yake Tanga, atazoea au atafutiwe mwenzake?

Kigombe Pwani (mwanzisha uzi)
Salaam wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kubahatisha.

Farasi ni dume aliyehasiwa, miaka 9 hivi, kimo sm 142 mabegani. Katolewa kwenye zizi lenye farasi wenzake wanne, sasa yuko peke yake kwenye ekari tatu upande wa Kigombe, barabara ya Pangani. Nusu ni nyasi, nusu minazi. Jirani ana ng'ombe ila wako mbali, hawaonekani.

Dalili: analia sana alfajiri na jioni, anatembea kandokando ya ua pale pale mpaka pamekuwa njia, majani anabakiza, na ana vidonda vidogo mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, sijui anajigonga wapi. Homa hana, kinyesi cha kawaida.

Wapo wanaosema atazoea. Wapo wanaosema mletee mbuzi, yataisha. Farasi wa pili sina uwezo naye, na huku kwetu hata kumpata ni kazi. Nifanyeje?

Kwato Nne
Kelele zinakusumbua wewe, ila vidonda vya vifundoni ndivyo vya kutazama kwanza.

Farasi husinzia amesimama. Miguu yake ina mpangilio wa kano unaomzuia kuanguka, kwa hiyo wengi hudhani hana haja ya kulala chini. Anayo. Usingizi mzito, ule ambao misuli yote hulegea, haupati mpaka alale ubavu au ajilaze kifua chini kidevu kikiwa kimeegemea kitu. Anahitaji kama nusu saa hadi saa nzima kwa siku, tena kwa vipande vifupi. Kwenye kundi, wawili wakilala mmoja hubaki wima anaangalia. Aliye peke yake hana wa kumlindia, basi halali. Usingizi ukimzidi akiwa wima, miguu ya mbele inakunjika, anaporomoka, anashtuka, anainuka. Ngozi ya mbele ya kifundo ndiyo inayogonga chini. Ndivyo hivyo vidonda.

Hakikisha hivi: kabla jua halijapanda, mtazame ubavuni, kwenye nyonga na shavuni. Farasi aliyelala huamka na vumbi, nyasi au maranda mwilini. Siku kadhaa mfululizo akiwa safi, hakulala. Lakini usikimbilie kusema ni upweke tu. Maumivu ya magoti au mgongo, sakafu yenye maji na banda dogo navyo humzuia kulala, kwa hiyo daktari amkague viungo kwanza.

Pili ni kukunana. Farasi wawili wanaopatana husimama kichwa kwa mkia, kila mmoja akimkuna mwenzake kwa meno pale shingo inapoungana na mabega, na mikia ikipepea inzi wa usoni kwa mwenzake. Kukunwa hapo kunashusha mapigo ya moyo, imepimwa. Unaweza kumkuna wewe kwa vidole na akafurahi mpaka midomo ikarefuka, ila wewe una nusu saa. Mwenzake ana saa 24.

Hilo la "atazoea": kelele hupungua baada ya wiki chache, kweli. Lakini kunyamaza si kuzoea. Kinachofuata mara nyingi ni kuyumba kichwa kulia kushoto mlangoni, kuzunguka banda, au kung'ata ubao huku akivuta hewa kooni. Tabia hizo zikishakomaa mara nyingi haziondoki hata ukimletea kundi zima. Hiyo njia aliyochimba kando ya ua ndiyo hatua ya mwanzo. Una muda, ila si mwingi.

Kwa taarifa tu, Uswisi tangu 2008 kanuni zao zinadai farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mwingine wa jamii yake. Wa jamii yake maana yake hata punda anahesabika.

Mzigua wa Ukweli
Mbuzi wawili, mchezo umekwisha. Mbuzi ni rahisi, anapatikana Muheza, Handeni, popote. Farasi hulala na mbuzi miguuni vizuri tu.

Mama Punda
Kaka Mzigua, mbuzi ni bora kuliko ukuta mtupu, hapo sikupingi. Wapo farasi wanaoshikamana na mbuzi kwelikweli. Ila angalia kinachokosekana. Mbuzi hamkuni mabegani, hafiki. Ishara zake za masikio na mkia si za farasi. Akiona mbwa anakimbilia juu ya kichuguu, farasi anakimbilia uwandani, na kila mmoja anabaki na lake. Na mbuzi usiku ukimfungia banda lake, farasi yuko pale pale alipokuwa.

Tena ana kazi yake. Anapita chini ya ua wowote wa farasi, anapanda kwenye hori na kukojolea majani, anatafuna singa za mkia wa farasi (sikutanii, mkia unaweza kuisha), na mwenye pembe anaweza kumchoma tumbo wakigombania chakula. Ukimchukua, chukua jike asiye na pembe au dume aliyehasiwa. Na mbuzi pia si wa kukaa mmoja, kwa hiyo ni wawili.

Kwa Tanga jibu langu ni punda. Ni jamii moja na farasi, anakuna, analinda wakati mwingine analala, anakula mchana kutwa kama yeye, na joto la pwani halimtishi. Sema watu wanamnunua kama wanavyonunua ndoo, mmoja, bila kuuliza. Punda hushikamana wawili wawili kuliko hata farasi. Ukimtenganisha na mwenzake aliyekaa naye miaka, anaacha kula. Punda asiyekula, hasa mnene au jike mwenye mimba, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake yenyewe, yanajaa kwenye damu, ini linashindwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Dalili ni ndogo mno: kainamisha kichwa, masikio yamelegea, kasogea pembeni. Kwa farasi ungesema amechoka tu. Kwa punda, siku moja bila kula ni ya kumpigia daktari.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni "huyu huwa anasimama na nani?" Ukiweza, chukua wote wawili.

Baharia wa Nchi Kavu
Mnamdekeza mnyama. Punda wa kubeba maji na mchanga mjini wanalala kila mmoja kwa bosi wake na hawajafa. Farasi wa ufukweni pia wapo peke yao. Mnyama akipata chakula na maji basi.

Mama Punda
Hao punda wa mjini mchana kutwa wako barabarani na wenzao, wanapokezana kulia kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Hawako peke yao, wamelala mbalimbali tu. Na kutokufa si kipimo, shehe.

DktMifugo_TA
Naunga mkono punda, kwa masharti. Pwani haijawahi kuwa nchi ya farasi. Stanley, yule mwandishi aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 alikuwa na farasi wawili, wote wakamfia Kingaru kabla hata safari haijachanganya, mizigo ikaendelea na wapagazi na punda. Ndiyo sababu farasi huku ni wachache na wengi wao wanajikuta peke yao. Magonjwa yenyewe yanabadilisha namna ya kumpa mwenza, ndiyo maana nayaleta hapa.

La kwanza ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi hivi vinaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma jioni na alfajiri, na huongezeka baada ya masika. Farasi asiye na kinga akipata aina ya mapafuni, vifo vinaweza kupita asilimia 90: homa, kupumua kwa shida, povu puani, na mara nyingi siku yenyewe haipiti. Punda akiambukizwa huonyesha dalili kidogo au asionyeshe kabisa, lakini virusi vinaweza kukaa kwenye damu yake hadi wiki nne hivi. Umeelewa mtego? Punda mzima wa afya kwa macho anaweza kuleta ugonjwa kwa farasi wako. Chanjo ipo, ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa na hutolewa kwa mpango. Zungumza na daktari wa wilaya kabla hujanunua punda, si baada.

Kinga ya pili ni kumwingiza farasi bandani saa moja hivi kabla ya magharibi na kumtoa jua likishachomoza, madirisha yakiwa na chandarua cha matundu madogo kilichotiwa dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi. Chandarua cha kawaida cha mbu usubi wanapita. Sasa unganisha na mada: Tanga farasi anatakiwa kuwa ndani nusu ya siku nzima. Ukimpa punda wa malishoni halafu usiku ukamfungia farasi ndani peke yake, umempa mwenza wa nusu siku, tena nusu ile ambayo hahitaji mlinzi. Mwenza alale naye banda moja.

La pili, nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kigombe hadi Pangani na kushuka Saadani, kwenye vichaka kuna mbung'o. Farasi ni dhaifu sana kwa nagana kuliko ng'ombe wa kienyeji, na punda naye huugua. Ukiona homa inayokuja na kuondoka, kukonda huku anakula, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, fizi nyeupe, damu ipimwe. Maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Majani Mapana kazi yao ni mbung'o na magonjwa ya wadudu hasa. Usimchome dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Diminazini inayotumika kwa ng'ombe ina nafasi finyu sana ya usalama kwa farasi na punda.

La tatu, minyoo ya mapafu. Punda huibeba miaka bila kukohoa. Farasi akila nyasi zilizochafuliwa na kinyesi cha punda huyo, atakohoa kikohozi kikavu kisichoisha na dawa za kifua hazitasaidia. Punda apewe ivermektini ya kunywa, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, wakati wa karantini, kabla hajakanyaga malisho ya pamoja. Ya kunywa, si sindano ya ng'ombe. Sindano hiyo kwa jamii ya farasi inaweza kuleta uvimbe mbaya pale ilipochomwa.

Kigombe Pwani
Dokta, Kwato Nne, Mama Punda, nashukuru sana. Asubuhi nimemtazama, hana hata jani ubavuni. Basi nakwenda na punda. Nipeni hatua: nianze na nini, ua uweje, banda liweje. Ua wangu wa sasa ni seng'enge ya miiba nyaya nne na upande mmoja ni mkonge.

Shamba la Mivinje
Vyote viwili viondoke kabla ya punda kufika. Wakikutana siku za mwanzo watakimbizana, na farasi anayekimbizwa hatazami waya. Seng'enge inachana ngozi na misuli mpaka mfupa, na akinasa mguu anavuta badala ya kusimama. Mkonge ni mzuri kwa kuzuia ng'ombe, kwa farasi ncha yake iko usawa wa jicho. Kama huwezi kuung'oa, weka ua wa pili ndani, mita mbili kutoka kwenye mkonge.

Ua wenyewe: nguzo za mivinje za mita 2, zipigwe dawa ya mchwa au zipakwe oili chafu sehemu ya chini, zizame sm 65 hivi ardhini, ubaki kimo cha mita 1.3 na ushei. Umbali kati ya nguzo mita 2.5. Fito tatu za mlalo, ya chini sm 45 kutoka ardhini, na zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo ili farasi akiegemea asizing'oe. Punda si mrukaji kama mbuzi, uzio huu unamtosha.

Kona ndizo hatari. Mnyama dhaifu akisukumwa konani hana pa kutokea, anapigwa teke. Kila kona ya nyuzi 90 ikate kwa fito za mshazari, uanze mita 3 kabla ya kona pande zote mbili.

Na banda usilijenge chini ya minazi inayozaa. Nazi kavu ikidondoka kichwani haichagui.

Kwato Nne
Banda: chumba cha farasi mita 3.6 kwa 3.6 kinatosha kwa kimo hicho, cha punda mita 3 kwa 3. Ukuta kati yao usiwe wa tofali mpaka juu, hilo ndilo kosa la kawaida. Farasi anamsikia mwenzake upande wa pili na hamwoni, ni mateso zaidi kuliko kutokumsikia. Tenganisha kwa fito nene za mlalo, na kwa kuwa punda wetu wengi hawafiki hata sm 110 mabegani, ubao mzito wa chini uishie sm 80 hivi. Juu ya hapo pawe wazi kwa wanaopatana. Paa la makuti ni baridi kuliko bati, ila makuti yanaficha kupe na panya, yakaguliwe. Sakafu udongo ulioshindiliwa na mteremko kidogo, juu yake maranda ya sm 10 hadi 15. Maranda yawe makavu. Farasi asiyetaka kulala kwenye unyevu atasimama hata kama ana walinzi kumi.

Kuwakutanisha sasa.

Punda anapofika, akae eneo lake umbali wa mita 30 au zaidi kwa siku 30. Ndoo, kamba na brashi zake zisivuke. Lakini aonekane! Usimfiche nyuma ya nyumba. Kumwona tu kunamtuliza farasi, na yeye atazoea mlio. Farasi ambaye hajawahi kumsikia punda akilia kwa karibu anaweza kuruka ua siku ya kwanza. Asubuhi na jioni mpime wote joto: kawaida ya farasi ni 37.2 hadi 38.3. Moyo akiwa ametulia 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, ila mchana wa Tanga pumzi hupanda kwa joto tu.

Baada ya hapo, wiki moja ua kwa ua. Siku za mwanzo weka nafasi ya mita 2 au 3 kati ya ua mbili, kisha uwaruhusu wagusane pua juu ya fito. Kufoka, kupiga mguu wa mbele chini, kurudisha masikio nyuma ni salamu. Subiri mpaka uwaone wanakula wakiwa wamesogeleana wenyewe, hakuna aliyewaita.

Siku ya kuwaachia, iwe asubuhi, wote wakiwa wameshiba, uwanja mkubwa kuliko yote ulionao. Farasi avuliwe viatu vya nyuma kama anavyo. Msiache hatamu vichwani, kwato ikinasa humo shingo inavunjika. Mafungu ya majani yawe moja zaidi ya idadi ya wanyama, yaachane mita 10 au zaidi, na sehemu za maji ziwe mbili. Simama nje ya ua. Kukimbizana dakika chache, kelele, mateke ya hewani, hayo yaache. Unachoingilia ni kumbana mwenzake konani, kung'ata shingo bila kuachia, au mbio zisizokwisha mpaka mmoja anatetemeka. Hapo unawatenga kwa kuwaita na chakula na kufungua geti, usiingie katikati. Saa moja au mbili siku ya kwanza, uongeze kila siku, na usiku wa pamoja uje baada ya wiki ya mchana wenye amani.

Mama Punda
Nyongeza mbili. Punda haogopi kama farasi. Farasi anakimbia, punda anasimama na kupima, akiona hapana njia anapigana. Ukimwona kasimama tu wakati farasi anamzunguka usidhani amekubali.

Na jinsia. Punda dume asiyehasiwa usimlete. Atamsumbua farasi hata kama ni dume mwenzake, na anaweza kuua mbuzi kwa kumkamata shingo. Jike au aliyehasiwa. Aliyehasiwa juzi subiri wiki sita au zaidi, ukali na mbegu haviishi siku ya kisu.

Kamba ya katani usiitumie shingoni wala kichwani, najua tuko Tanga na ni ya bei poa. Inachubua ngozi ikilowa jasho, na kidonda hicho na inzi wa huku... Tumia ya pamba.

Baharia wa Nchi Kavu
Haya, chakula cha huyo mgeni nani analipa? Mnataja punda kama anakula hewa.

Kwato Nne
Swali zuri, ndugu. Anakula kidogo kuliko unavyodhani, na tatizo la kawaida ni kumzidishia.

Pima farasi kwa futi ya fundi nguo: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Kifua sm 160 na urefu sm 145 ni kama kilo 312. Chakula kikavu ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito, yaani karibu kilo 5 hadi 6 na ushei. Kwa hei (nyasi zilizokaushwa) ni kilo 6 hadi 7, kwa majani mabichi ni kilo 25 hadi 30 maana mengi ni maji. Punda wa kilo 140 ni asilimia 1.3 hadi 1.8, kilo 2 hadi 2 na nusu kavu, tena zaidi ya nusu iwe chakula duni: mabua ya mahindi yasiyo na ukungu, nyasi zilizokomaa. (Hiyo hesabu ya 11,880 ni ya farasi, usimpimie punda.)

Punda akila chakula cha farasi ananenepa shingo, mafuta yanagandamana na kulalia upande, halafu kwato zinavimba ndani. Kwa hiyo farasi anapewa nyongeza zake akiwa ndani ya chumba chake, dakika 20, fito zikiwa zimefungwa. Usimpe punda "kidogo asione wivu".

Maji lita 25 hadi 50 kwa siku kwa farasi, zaidi akifanya kazi. Na chumvi ya kawaida gramu 20 hadi 30.

DktMifugo_TA
Kuhusu chakula na mwenza wa jamii nyingine, haya yanaua:

Chakula cha kuku wa nyama, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe, huwekwa dawa ya monensini au salinomisini. Kwa farasi ni sumu ya misuli ya moyo. Miligramu 2 hadi 3 kwa kilo ya uzito zinaweza kumuua, yaani farasi wa kilo 300 hahitaji hata gramu moja ya dawa yenyewe. Hakuna dawa ya kuizima. Ukiweka mbuzi, ng'ombe au kuku banda moja na farasi, vyakula vyao vikae chumba kingine chenye kufuli, na usinunue pumba kwenye mashine inayochanganya chakula cha kuku.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi: farasi asinyunyiziwe kabisa. Inasimamisha utumbo mpana, kinyesi kinakwama, anakufa kwa tumbo. Mbuzi au ng'ombe wenza akiogeshwa nayo akae mbali na farasi mpaka akauke kabisa, maana wanalambana. Kwa kupe wa farasi tumia dawa ya jamii ya pairethroidi iliyoruhusiwa kwake.

Mahindi yenye ukungu: sumu ya ukungu ule hulainisha ubongo wa farasi. Ng'ombe anaweza kula akanusurika, farasi hapana. Unyevu wa pwani unauharakisha.

Majani ya mti wa lusina (Leucaena) yakiwa chakula kikuu, singa za shingo na mkia zitapukutika.

Na pumba nyingi juu ya nyasi za kitropiki, hasa setaria na zile ndefu za jamii ya panikamu ambazo zimejaa Muheza na Tanga, ni mfupa kulainika. Nyasi zina oksaleti inayofunga kalsiamu, pumba inaongeza fosforasi, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa na uso unavimba pande zote mbili. Chokaa ya mifugo ndiyo rekebisho, ila hilo linastahili uzi wake.

Mzigua wa Ukweli
Sawa, nimekubali nusu. Lakini Kigombe Pwani akitaka kumpanda farasi wake aende ufukweni, punda si atabaki analia?

Mama Punda
Atalia, na farasi atageuza njia arudi. Ndiyo kazi ya pili ya kuwa na punda wawili: farasi akitoka, wao wamebaki wawili. Gharama ya chakula imeongezeka kilo mbili na nusu, kelele imepungua zaidi ya nusu.

Akiwa mmoja, unamfundisha polepole. Mpe punda fungu la majani anayopenda, mtoe farasi mita 5, mrudishe kabla hajaanza kulia. Kesho mita 10, kisha nyuma ya ukuta kwa dakika moja, kisha dakika tano. Kanuni ni moja, mrudishe akiwa bado ametulia. Ukimrudisha anapopiga kelele umemfundisha kwamba kelele ndizo zinazomleta mwenzake. Wengine huona rahisi kutembea na punda akiwa amefungwa kando, inawezekana pia, ila si kwa mbio.

Siku mmoja wao akifa, usimfukie haraka. Mwache aliyebaki amnuse mpaka aondoke mwenyewe. Asiyeuona mwili huendelea kumtafuta siku nyingi, na punda ndipo anapoacha kula.

Kigombe Pwani
Punda wawili basi. Kabla hawajafika na karantini kupita, miezi miwili hivi, huyu nifanye nini kwa sasa?

Kwato Nne
Sogeza banda lake, au hata hori tu, upande ambao ng'ombe wa jirani wataonekana. Mwombe jirani awasogeze jioni, kwa umbali wa ua, si malisho ya pamoja kwa sababu ya kupe. Gawa chakula mafungu manne au matano, likiwemo la saa nne usiku, asikae zaidi ya saa nne bila kitu cha kutafuna. Kioo kisichovunjika, cha plastiki, karibu mita moja kwa moja na nusu, kikifungwa ukutani usawa wa kichwa, hupunguza kuyumba kwa baadhi ya farasi. Ukiona anakipiga teke kiondoe siku hiyo hiyo. Asubuhi na jioni tembea naye kwa mkono, mkune mabegani dakika 10. Usimfunge kamba mchana kutwa.

Hivyo ni vya kuvukia tu hiyo miezi miwili.

DktMifugo_TA
Na muuzaji akupe kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa kule punda wanakotoka. Chukua nakala. Waje jua likiwa kali, si jioni wakati usubi wako kazini.